Dozi ya Saa Nne Usiku

Muuguzi wa tiba shufaa akifika nyumbani kwa mgonjwa, begi lake hubaki limefungwa kwa muda. Anavua viatu, anaamkia, anatafuta mahali pa kukaa ambapo macho yake yatalingana na ya aliyelala. Kama ni mkekani, anakaa mkekani. Habari za ugonjwa zitakuja baadaye. Kwanza ataulizia mvua, wajukuu, mahindi yaliyoanikwa uani, na wakati wote huo yuko kazini. Ameshaona kwamba bibi anazungumza huku goti moja amelikunja na hataki kulinyoosha. Ameona glasi ya maji iko mezani, mbali na mkono wake. Ameona pia kwamba kila swali analoulizwa bibi linajibiwa na kijana wake aliyesimama mlangoni, na kwamba binti aliyekaa pembeni, ambaye ndiye anayeamka usiku, hajasema neno. Dakika kumi zimepita, na mengi anayohitaji kuyajua ameshayapata.

Kazi hii husifiwa kwa neno moja: huruma. Watu husema wauguzi hawa wana moyo, na ni kweli wanao. Lakini ndugu wengi waliowauguza wazazi wao walikuwa na huruma tele, na bado mzazi alilia usiku kucha kwa sababu hakuna aliyejua cha kufanya. Ninachotaka kukisifia hapa ni ufundi: maarifa yanayofundishwa, yanayopimwa, yanayorekebishwa wiki hadi wiki, ya kumfikisha mtu mwisho wa maisha yake bila kuteswa na mwili wake.

Sasa anainua mkono. “Bibi, nikikunja ngumi hivi, maana yake hakuna maumivu kabisa. Kidole kimoja, maumivu kidogo. Vidole vyote vitano, maumivu yaliyopita kiasi, hayavumiliki. Kwa siku hizi tatu, yako yalifika vidole vingapi?” Bibi hasemi, anainua vinne. Kipimo hiki cha mkono hutumika pamoja na dodoso fupi lililotengenezwa na Chama cha Tiba Shufaa Afrika, ambacho makao yake makuu yako Kampala. Dodoso lina maswali kumi tu: saba ya mgonjwa, matatu ya anayemuuguza. Linauliza maumivu, kisha linakwenda mbali zaidi: umekuwa na wasiwasi? Umeweza kumweleza mtu unavyojisikia? Unaona maisha yana thamani? Una amani? Na kwa anayeuguza: je, unajiamini kumhudumia? Mtu asiyejua kusoma anaweza kuyajibu yote kwa vidole, na wiki ijayo muuguzi akirudi atauliza yaleyale. Vinne vikishuka kuwa viwili, dawa inafanya kazi. Visiposhuka, kuna jambo halijaeleweka, na muuguzi anaanza upya kulitafuta.

Kulitafuta huko ndiko kunakohitaji sikio. Maumivu ya mfupa ulioliwa na saratani huwa mazito, yanakaa mahali pamoja, na mgonjwa akisogea yanaongezeka. Maumivu ya mshipa wa fahamu ulioguswa na uvimbe huchoma, huwasha, hupita ghafla mguuni kama shoti ya umeme, na hayo mofini peke yake mara nyingi haiyamalizi. Yanataka kuongezewa dawa kama amitriptilini kwa kiwango kidogo cha usiku. Maumivu ya tumbo yanayokuja kwa kukaza na kuachia yana dawa zake. Muuguzi mzuri hamkatizi mgonjwa anapoeleza. Anauliza yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, yanaamka saa ngapi, nini kinayapunguza hata kidogo. Nimewasikia wagonjwa wakielezwa hospitalini kwamba “saratani inauma, vumilia.” Kwa fundi wa kazi hii, neno vumilia halimo kwenye orodha ya dawa.

Kisha inakuja chupa. Mofini ya kunywa inatengenezwa kwa njia rahisi: unga wake unayeyushwa katika maji safi, unatiwa kihifadhi ili isiharibike, na rangi ili chupa ya nguvu ndogo isichanganywe na ya nguvu kubwa. Ni chungu, na bei yake ni ndogo kuliko dawa nyingi zinazojaa kwenye kabati za wagonjwa wa saratani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanzishiwa miligramu 2.5 au 5. Inafanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo inanyweshwa kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kusubiri hadi mgonjwa alie ndipo apewe ni kosa kubwa na la kawaida sana, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda huchukua dawa nyingi zaidi kushuka, na mgonjwa anaishi akiyaogopa hata yasipokuwapo.

Ukihesabu vizuri utaona dozi moja inakosekana: ya saa nane usiku. Mafundi wa kazi hii waliiondoa kwa makusudi. Dozi ya saa nne usiku hunyweshwa mara mbili ya kawaida, ili imbebe mgonjwa hadi alfajiri, na binti yule aliyekaa pembeni naye alale. Kila nikiufikiria utaratibu huu naona akili na upole vimefungwa katika hesabu moja. Aliyeupanga alimjua mgonjwa, lakini alimjua pia mtu anayekaa macho kando yake, akajua kwamba mwuguzaji asiyelala wiki tatu hawezi kumgeuza mgonjwa, hawezi kupika uji, na mwisho atakasirika na kujichukia kwa kukasirika.

Maelezo yanayofuata ni mafupi na lazima yatolewe siku hiyohiyo. Mofini hufunga choo, karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja nayo. Isipokuwapo, Afrika Mashariki wauguzi wengi wamefundishwa kutumia mbegu za papai zilizokaushwa. Siku za mwanzo kichefuchefu kinaweza kuja, nacho kina dawa. Na jambo ambalo lisiposemwa huharibu kila kitu: siku mbili au tatu za kwanza mgonjwa anaweza kulala sana. Familia ikiona hivyo bila kuelezwa, itasema dawa inamuua, itaificha chupa juu ya kabati. Muuguzi anawaambia mapema: mama hajalala mwezi mzima, mwili unalipa deni lake; mwamsheni kwa jina, akiitika na kuzungumza, mwacheni apumzike. Akiwa haamki kabisa, au pumzi imekuwa ya taabu na inachelewa kuja, msimpe dozi inayofuata, nipigieni simu. Anaandika namba kwenye kadi kwa tarakimu kubwa, anamwambia binti aisome kwa sauti. Halafu anamwomba avute dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbele yake, mpaka mstari sahihi. Binti anakosea, anarudia. Muuguzi haondoki mpaka mkono wa binti umejua.

Ufundi huu una asili yake. Huko London, Cicely Saunders alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari ili asikilizwe, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa. Ndiye aliyesisitiza kwamba maumivu ya anayekufa yana pande za mwili, moyo, jamii na roho, na kwamba upande mmoja ukipuuzwa nyingine hazitulii. Afrika Mashariki ilianza kwa dhati na Nairobi Hospice, 1990. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyefanya kazi Nigeria na baadaye Singapore, alitumika hapo, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala akiwa na fedha za miezi mitatu tu. Kabla ya kuanza alitaka kitu kimoja kutoka serikalini: unga wa mofini uruhusiwe kuingia nchini. Alijua kwamba bila huo angekuwa anawashika watu mikono wakati wakiteseka. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90, baada ya kufundisha wauguzi na madaktari wa nchi nyingi za bara hili.

Uganda ilikwenda hatua ambayo naiona kubwa kuliko jengo lolote. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili muuguzi au tabibu aliyefuzu mafunzo maalumu aweze kuandika mofini mwenyewe. Madaktari ni wachache na wamekaa mijini. Anayekufa kijijini humwona muuguzi. Serikali pia ikaamua mofini ya kunywa itolewe bure, ikitengenezwa kwa ushirikiano na hospisi hiyo. Rwanda nayo ilipitisha sera ya taifa ya tiba shufaa mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika, na Kenya ina sera yake ya 2021 hadi 2030. Katika nchi nyingi za Afrika, hata hivyo, kalamu ya mofini bado iko mkononi mwa daktari pekee, na muuguzi aliyemwona mgonjwa, aliyehesabu vidole vyake, anarudi mjini kutafuta saini.

Hofu ya dawa hii ina mizizi: watu wameona vijana wakiharibiwa na heroini, na mofini ni ndugu yake. Muuguzi haidharau hofu hiyo. Anaeleza kwamba anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo kinachopandishwa polepole, ni nadra sana kuwa mteja wa dawa za kulevya, na kwamba mofini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo. Anahesabu chupa, anaandika kila mililita, anazichukua zilizobaki mgonjwa akifariki. Wakati huohuo ulimwengu umeigawa dawa hii kwa namna ya kusikitisha. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1.

Narudi chumbani, maana kuna jambo ambalo maelezo ya dawa hayalifikishi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ikiwa imeshasambaa. Hatua za mwisho inaweza kutoboa kibofu, mkojo ukawa unavuja mchana na usiku. Fikiria mama wa Muheza au Pangani katika hali hiyo, mtu aliyeswali tangu utotoni. Muuguzi anamkuta amejikunyata ukutani, hataki wajukuu waingie. Vidole vya maumivu ni viwili tu, lakini swali la amani analijibu kwa kutazama pembeni. Akiulizwa taratibu, anasema: tangu mwezi wa saba sijaswali, mimi ni najisi.

Fundi asiye kamili angeongeza dawa ya wasiwasi. Huyu anafanya mambo mawili. La kwanza ni la mikono: anaosha kwa maji ya vuguvugu, anakausha kwa kugusagusa bila kusugua, anapaka mafuta mazito ili mkojo usiile ngozi, anamwonyesha binti jinsi ya kukunja kanga kuukuu ziwe pedi, nailoni chini, za kubadilisha zikiwa zimepangwa kwenye beseni karibu na kitanda. Kama kuna kidonda kinachonuka, anasafisha kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, haibandui bendeji iliyokauka bila kuilowesha kwanza, kisha ananyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo vilivyopondwa, vilevile ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Flagyl. Harufu hupungua sana, wakati mwingine ndani ya siku chache. Nani angedhani kidonge cha bei hiyo kinaweza kuwarudisha wajukuu chumbani?

La pili ni la kujua mpaka wake. Muuguzi hatoi fatwa, hata kama yeye ni Mwislamu na jibu analijua. Anamwomba sheikh wa mtaa aje. Sheikh anaeleza kwamba aliye na udhuru wa kutokwa bila kukoma hutawadha kwa kila swala na kuswali, kwamba asiyeweza kutumia maji ana tayamamu, na asiyeweza kusimama huswali ameketi au amelala. Ni hukumu inayojulikana, lakini aliyelala ukutani miezi kadhaa anahitaji kuisikia kwa mtu mwenye haki ya kuitamka. Kwa Mkristo angeitwa padri au mchungaji kwa namna hiyohiyo. Muuguzi wa aina hii anajua simu za watu wengi: sheikh, katekista, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu anayeweza kuvumilia ada, bodaboda asiyelewa.

Mazungumzo ya ukweli ndiyo magumu kuliko yote. Kaka yule wa mlangoni humfuata muuguzi hadi nje: “Dada, tafadhali, usimwambie mama.” Wageni kwenye kazi hii hujibu kwa sheria, kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Aliyekomaa huuliza, “Unaogopa nini kitatokea akijua?” Na kaka analia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha muuguzi anarudi ndani na kumwuliza mgonjwa, “Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?” Mara nyingi mama anajua siku nyingi, alikuwa akiwaficha wanawe kama walivyokuwa wakimficha. Likishasemwa, kazi zinaonekana: shamba ni la nani, mtoto aliyekwenda Muscat aitwe, deni la dukani lilipwe, wasia uandikwe. Uganda, akina mama wenye virusi vya Ukimwi walifundishwa kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wako ni huu, ulizaliwa siku ya mvua, baba yako alipenda hivi. Muuguzi anaweza kuwa ndiye mwandishi, mama akimtamkia maneno.

Siku za mwisho dawa nyingi huachwa. Vidonge vya presha, vitamini, dripu ambayo familia inaililia: muuguzi anaeleza kwa nini mwili unaozimika haukihitaji chakula, na kwamba kukilazimisha kunaleta kukabwa. Kinachobaki ni kinywa. Kitambaa laini kilichochovywa maji yenye chumvi kidogo kinapitishwa kwenye ulimi na ufizi, midomo inapakwa mafuta, mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Kazi hizi hupewa ndugu kwa makusudi, kwa sababu kila mtu anataka kufanya kitu na hajui afanye nini. Baada ya maziko muuguzi anarudi tena. Anachukua chupa iliyobaki, anaihesabu, halafu anakaa na yule binti, anamwambia waziwazi kwamba alimnywesha mama dawa ipasavyo, hakumuua. Nimeambiwa na waliouguza kwamba sentensi hiyo waliibeba miaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Kwetu msaada umekuja kwa mawimbi. Fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi, kuanzia 2003, zililipia wahudumu wengi wa majumbani. Mfuko wa kumbukumbu ya Binti Mfalme Diana wa Uingereza ulisaidia nchi kadhaa za Afrika mpaka ulipofungwa 2012. Na mwaka 2025 misaada ya Marekani ilikatwa ghafla. Hospisi iliyojengwa juu ya mradi mmoja hutikisika mradi ukiisha. Ndiyo maana navutiwa na zile zilizojishikiza ndani ya hospitali za umma na za makanisa, kama Muheza na Selian kule Arusha, na juhudi za Kenya za kufungua vitengo ndani ya hospitali za kaunti. Ocean Road imejaribu programu ya simu ya kuwafuatilia wagonjwa waliorudi nyumbani. Kenya imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii laki moja tangu 2023. Wakifundishwa kuhesabu vidole na kumtambua mgonjwa wa kuandikiwa mofini, idadi ya vyumba vitakavyofikiwa itabadilika kabisa.

Anayetaka kusaidia asianze na jengo. Hospisi nyingi hukwamia kwenye mafuta ya gari na matairi, kwenye pamba, nailoni, shuka na muda wa maongezi wa simu ya usiku. Aliye jirani anaweza kukaa na mgonjwa mchana mmoja ili binti aende sokoni. Mbunge au diwani anaweza kuuliza bungeni au barazani kwa nini mofini imeisha hospitali ya wilaya tangu mwezi uliopita, na lini muuguzi aliyefuzu ataruhusiwa kuiandika. Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ya kimataifa ya hospisi, misikiti na makanisa yanaweza kufungua milango kwa wauguzi hawa wazungumze, na michango ikakusanywa. Mafunzo yenyewe yapo karibu: Kampala kuna taasisi ya Hospice Africa inayofundisha hadi shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, Nairobi kuna stashahada. Wauguzi wanaotaka kusoma wapo pia, wengi wao wakiwa wameshaanza kazi hii kwa kubahatisha wodini. Wanachokosa ni wa kuwalipia ada, na mwajiri atakayewaruhusu kwenda na kuwapangia kazi hiyohiyo watakaporudi.